Besi Iliyopotea Mpemba

Mimi ni dereva, si fundi wa redio. Nasema hivi mapema ili mtu asije kuniuliza kwa nini nilikaa karibu asubuhi nzima nazungusha vitufe bila kujua nazungusha nini. Gari nalijua. Ukinipa gia iliyokwama au breki iliyoshikana nitakuambia ugonjwa wake kabla sijashuka. Lakini amplifaya! Kile kisanduku kilinifanya mjinga mbele ya baba yangu mzazi.

Ilikuwa Jumapili, mwaka 1981, nyumbani kwetu Mpemba, karibu na Tunduma, na nilikuwa na haja moja tu: baba yangu, mzee Sadoki Siame, asikie ngoma yake. Masikio yake yalikuwa yamezibwa mwaka wa tatu ule. Hakusikia jogoo wala kengele ya kanisa, na ukimwita nyuma ya kisogo ungeweza kuita mpaka koo likauke. Ila vitu vizito alivijua kwa nyayo. Lori likipita barabara kuu, yeye kaketi kibarazani miguu peku chini, atasema, "Hilo limebeba shaba." Nikichungulia, kweli, shaba. Mashine ya kusaga ikiwashwa kule ng'ambo ya barabara, yeye ndiye wa kwanza kumwambia mama apeleke mahindi.

Sasa, nyumbani tulikuwa na kanda moja. Kijana mmoja wa chuo alipita Mpemba mwaka 1972 akirekodi ngoma za wazee. Akairekodi ngoma kubwa ya ukoo wetu, kisha akatuletea nakala, na juu yake kaandika kwa wino wa bluu: Mzee Sadoki Siame, ngoma. Siku ya kurekodi sikuwapo, nilikuwa utingo kwenye lori la mafuta. Lakini kanda ile nimeipiga katika kila gari lenye redio kaseti nililoshika usukani wake. Nimejisifu nayo Tunduma, nimejisifu nayo Mbozi, nimejisifu nayo mpaka Kapiri Mposhi kwa watu wasiojua hata Mpemba iko upande gani. "Huyo ni baba yangu mzazi," nawaambia, na wao wananinunulia chai.

Baba mwenyewe, tangu azibwe masikio, alikuwa akiitoa ile kanda kwenye kopo lake, anaigeuza geuza, anairudisha. Mwezi ule akaniambia, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia: "Lusubilo, hii nataka niisikie. Mara moja tu inatosha."

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba mzee amejikumbuka. Nani hapendi kujisikia enzi za nguvu zake?

Na njia ilikuwapo. Tajiri wangu, Bashiri, mfanyabiashara wa Tunduma, alikuwa na Peugeot 404 ile ndefu ya kubebea abiria, na alikuwa amenunua kule Kitwe, Zambia, amplifaya na spika mbili za besi, kila moja pana kama sinia ya pilau. Si spika za kuimba. Kazi yake ni mngurumo tu, ule unaoingia kwa kifua na makalio. Nilipoziona nikasema moyoni, mtu anayesikia lori kwa nyayo atashindwaje na hizi? Tatizo ni kwamba Bashiri alikwishapata mnunuzi wa gari, na mnunuzi angelichukua Jumatatu asubuhi pamoja na vyote vilivyomo. Nikamwomba Jumapili moja.

"Saa nane liwe hapa uani kwangu," Bashiri akasema. "Unajua Jumapili, Lusubilo. Sitaki maneno na polisi."

Nilijua, nani asiyejua? Siku zile za kubana mafuta, Jumapili ikifika saa nane mchana gari la mtu binafsi likionekana barabarani ni kesi. Kwa hiyo nilikuwa na saa chache, na baada ya hapo besi ingekwenda zake na baba angebaki na kanda yake kwenye kopo.

Saa tatu asubuhi nikamketisha nyuma, katikati ya yale masanduku mawili ya mbao yenye spika, moja kushoto kwake na moja kulia. Mama yangu, Tabita, alikuwa ameshakwenda kanisani na kitenge chake cha kina mama wa kwaya. Nikatia kanda. Nikawasha.

Ikatoka sauti. Milio ya kuku waliokuwa karibu siku ile ya kurekodi, ikasikika. Kijana wa chuo akakohoa, akasikika. Ngoma ikaanza, na ngoma kubwa ya ukoo wetu, iliyochongwa kwa mti ambao watu wanne walishindwa kuubeba, ililia kama kopo la maziwa linalogongwa na kijiko.

Baba akangoja. Akaweka viganja magotini, akangoja, akanitazama.

"Umewasha?" akaniuliza.

Nikaongeza kitufe cha nguvu. Kopo likawa kubwa. Nikaongeza kitufe cha besi mpaka mwisho, kikagoma kuendelea. Kopo lilelile. Nikapunguza sauti nyembamba. Sasa hata kopo likawa mbali. Nikarudisha vyote, nikaanza upya. Hapo jasho lilikuwa linanitoka, na asubuhi ya Mpemba mwezi wa sita mtu hatoki jasho.

Kulikuwa na kitufe cha nne, cha kugawa sauti kati ya kushoto na kulia. Kwa hasira tu nikakizungusha chote kushoto. Duh! Besi ikaja. Ngoma ikawa ngoma. Nikasema, kumbe spika ya kulia ni mbovu. Nikazungusha chote kulia ili nihakikishe ubovu. Besi ikaja tena! Spika ya kulia nzima, ya kushoto nzima. Nikakirudisha katikati ili zilie zote mbili, nikijua sasa gari litapaa. Besi ikatoweka.

Naomba nieleweke. Moja peke yake inalia. Nyingine peke yake inalia. Zote mbili pamoja, hakuna. Mwalimu wangu wa darasa la nne alinifundisha kwamba moja na moja ni mbili, na nilimwamini mpaka Jumapili ile.

Nikaacha kushoto peke yake ilie. Baba akainamisha kichwa. "Kuna mtu anagonga," akasema. "Lakini yuko nyumba ya jirani." Nikaongeza nguvu ili yule mtu aje kwetu, spika ikaanza kukwaruza kama mtu mwenye pumu, nikaogopa kuichana mali ya watu. Nikapunguza. Baba akasema taratibu, maana aliniona uso, "Basi mwanangu. Labda ni masikio yangu tu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana. Nikamshusha, nikawasha gari, nikaenda Tunduma kumchukua Athuman.

Athuman alikuwa fundi redio, mtu wa Tanga, mwenye maneno ya kutosha mikoa miwili. Yeye ndiye aliyefunga spika ya kulia na kuunganisha zote kwenye amplifaya. Ile ya kushoto ilifungwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na fundi wa huko, bashi Mutale, yaani baba Mutale, ndivyo Wabemba wanavyoitana kwa heshima. Alikusudia kufunga zote mbili, lakini geti la mpaka lilikuwa linakaribia kufungwa, tukavuka na spika ya pili ndani ya gunia la karanga. Ndivyo ilivyotokea gari moja likawa na mafundi wawili.

"Ndugu yangu," Athuman akaniambia njiani, "kazi ya Nakonde hiyo. Mimi nikifunga kitu kimefungwa."

"Lakini ya Nakonde ikilia peke yake inalia vizuri."

"Haiwezekani."

"Na yako pia."

"Hiyo inawezekana."

Tukafika. Akaketi mbele ya amplifaya, akatoa bisibisi sikioni, akaanza. Alizungusha vitufe vilevile nilivyozungusha mimi, ila yeye alivizungusha kwa vidole viwili, kifundi. Akaongeza nguvu, akapunguza. Akaweka besi nusu, akaweka besi robo. Akazima, akangoja, akawasha, akidhani labda imechoka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiomba kimoyomoyo aniambie mjinga, aniambie umesahau kitufe fulani hapa, nifurahi. Hakuniambia. Nusu saa ikapita, naye akawa anajikuna shingo.

"Fahali wawili," akasema mwishowe, "hawakai zizi moja."

"Athuman, mimi nataka besi, sitaki methali."

"Nakuambia ninachokiona! Kila mmoja mzima, wakikutana wanakufa. Sijapata kuona. Labda hili gari lina kitu."

Nikamwambia kama gari lina kitu, basi ni kile kitu alichokifunga yeye kikafungwa. Akakasirika. Nami nilikasirika. Tukasimama uani tunarushiana maneno mbele ya gari linalolia kopo, saa zinakwenda, na sikujua hata nagombania nini.

Wakati tunagombana baba alikuwa ameinuka kibarazani. Akaingia nyuma ya gari bila kuambiwa na mtu. Akakunja vile vitambaa vyeusi vilivyofunika spika, akaweka kiganja cha kushoto juu ya spika ya kushoto na cha kulia juu ya ile ya kulia, taratibu, kama mtu anayepima homa ya watoto wawili. Akafumba macho. Mara akaanza kucheka.

"Hawa wanasukumana!" akapaza sauti. "Lusubilo! Huyu akija, huyu anakwenda. Huyu akitoka, mwenzake anaingia. Wapigaji namna hii tungewafukuza ngomani."

Athuman akatabasamu lile tabasamu la kumstahi mzee. "Kwa heshima yako, lakini spika hazisukumani, mzee wangu. Zinaungana." Alimwambia hivyo kiziwi.

Mimi lakini nilimjua baba. Mtu anayejua shaba kwa nyayo hajidanganyi kwa viganja. Nikamwambia Athuman, hebu tafuta njia ya kuona. Akanuna kidogo, kisha ufundi ukamshinda kiburi. Akaomba betri ya tochi. Nikaenda kuitoa kwenye tochi ya mama. Akachomoa nyaya za spika zote mbili kwenye amplifaya.

Nyaya zenyewe zote zilikuwa nyeusi, maana mwaka ule nyaya za rangi mbili ulikuwa unazisikia tu. Mafundi walikuwa na dawa yao: unapiga fundo dogo kwenye waya mmoja, ili ukifika upande wa pili ujue upi ni upi. Athuman akashika waya wenye fundo wa spika yake, akaugusa kwenye kichwa cha betri, na ule mwingine kwenye kitako. Spika ikaruka mbele, tukaiona kwa macho. Akafanya vilevile kwa spika ya Nakonde, waya wenye fundo kichwani, mwingine kitakoni.

Spika ikaruka nyuma.

Akarudia. Nyuma. Akatazama betri kama vile betri ndiyo iliyomsaliti.

"Fundo ni waya wa moto," akasema kwa sauti ndogo. "Dunia nzima, fundo ni waya wa moto."

Hapo ndipo mimi, dereva, nilipopata la kusema. Bashi Mutale alikwishanisimulia kwamba ufundi kajifunzia kwenye malori ya zamani ya Kiingereza, yale ambayo moto wa betri unafungwa kwenye bodi la gari. Kwa mtu kama huyo, waya wa kuchunga ni ule unaokwenda kwenye bodi, ndio anaoupiga fundo, na kwenye Peugeot waya wa bodi si wa moto. Tunduma fundo lina maana yake, Nakonde lina maana yake, na katikati kuna geti tu. Athuman aliyaona mafundo mawili, akaunganisha fundo na fundo, akalala usingizi mnono.

"Sasa vitufe vyote vile tulivyozungusha?" nikamuuliza.

"Usiniulize," akasema.

Akageuza nyaya mbili za spika ya kushoto. Kazi ya dakika moja. Nikatazama saa: saa saba na robo. Watu walikuwa wameanza kutoka kanisani, wanapita barabarani na Biblia zao. Mama akaingia uani, akatukuta tumeinama ndani ya gari, akauliza kama baba ameshakula. Nikarudisha kanda mwanzo, nikaweka kitufe cha nguvu nusu, besi nusu, mgawo katikati, nikawasha.

Gari zima likashtuka. Vioo vikatetemeka, kuku wakakimbilia nyuma ya jiko, na mimi niliyesimama nje nikasikia ngoma ikipanda toka kwenye magoti mpaka kifuani. Ukweli nililia. Sioni haya kusema. Baba alikuwa kaegemea masanduku yale, kafumba macho, mdomo umefunguka, na kidevu chake kinakwenda na ngoma, pigo kwa pigo, hakikosei.

Nikaingiza kichwa dirishani, nikamgusa, nikamwonyesha kidole kifuani. "Ni wewe, baba! Ni wewe huyo!"

Akafumbua macho. Akatikisa kichwa.

"Siyo mimi," akasema.

Nikachanganyikiwa upya. Nilijua tu, bado hatujamaliza. Besi imekuja lakini imekuja vibaya, imepinda njiani, mzee hajitambui. Athuman naye alidhani hivyohivyo. Akapeleka mkono kwenye kitufe. Baba akamchapa kofi mkononi.

"Usiguse! Huyu ni Tabita."

Tabita yupi? Niliwatafuta kina Tabita wote ninaowajua. Nilikuwa ninamjua mmoja tu, na sikupata kamwe kumsikia baba akimtaja kwa jina. Kwake yeye ni mama Lusubilo siku zote. Na huyo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka gari, kitenge cha kwaya kiunoni, na uso wake umebadilika.

"Baba Lusubilo, nyamaza," mama akasema. "Watu wanapita."

Anamwambia anyamaze mtu asiyesikia. Baba akaendelea kwa sauti yake ileile ya kuwafikia wa ng'ambo ya barabara. Akasema siku aliyokuja yule kijana wa chuo, yeye alikuwa na jipu katikati ya kiganja, mkono umevimba kama boga. Kijana ana siku moja tu, jina keshaandika, na ngoma ile ya ukoo haikuwahi kuguswa na mwanamke tangu ilipochongwa. Watu walikuwa shambani. Wakafunga mlango, na mama, ambaye alijifunza kwa kumsikiliza mumewe miaka yote huku akipepeta mahindi, akaketi akapiga. Kijana akaondoka na kanda. Jina likabaki lilivyoandikwa.

"Miaka tisa," baba akasema. "Miaka tisa nanyweshwa pombe za watu kwa kazi ya mikono yake. Kila mtu kamsikia mke wangu akidhani ni mimi. Na mimi siku ile nilikuwa nashika jipu langu kwa maumivu, sikumsikiliza vizuri. Halafu masikio yakaondoka."

Nilisimama pale sijui nimtazame nani. Nilifikiria chai zote zile za Kapiri Mposhi. Nikatazama mikono ya mama, ambayo nimeiona kila siku ya maisha yangu ikisonga ugali, ikipalilia, ikinichapa, na sikuona kitu chochote kipya, ilikuwa mikono ileile. Nilikuwa nimemkasirikia mama, kisha nikamkasirikia baba, kisha sikujua kwa nini nakasirika. Barabarani watu wawili watatu walikuwa wamesimama.

Mama akamfanyia baba ishara kwa kiganja: funga mdomo. Baba akaiona, akatikisa kichwa. Akasogea kwenye kiti, akapiga-piga mahali palipobaki wazi kando yake.

Mama hakwenda. Akatazama barabarani. Akanitazama mimi, nami nikatazama chini kama mtoto. Kisha akaweka Biblia yake juu ya paa la gari, akakusanya kitenge, akaingia, akakaa wima kama yuko benchi la kanisani. Athuman akaninong'oneza kwamba saa nane inakaribia. Nikamsikia. Nikarudisha kanda mwanzo.

Safari hii baba hakugusa spika. Ngoma ilipoanza, vidole vya mama vilianza gotini, kidogo sana, nadhani hata yeye hakujua. Baba aliona. Akaweka kiganja chake juu ya mkono ule, akauacha upige chini yake. Wakakaa hivyo, gari linatetemeka.

Katikati ya kanda kuna mahali ngoma inasita kidogo kabla ya kushika tena. Nimepasikia mara elfu. Nilikuwa nawaambia watu pale mzee anavuta pumzi. Ilipofika hapo, vidole vya mama vikasimama.

"Hapa nilikosea," akasema, kwa sauti ya chini, akiuma mdomo.

Baba hakumsikia. Alisikia vidole tu vimesimama.

"Hukukosea," akamwambia, kwa sauti kubwa mpaka wale wa barabarani wakageuka, na akaushika ule mkono mpaka ukaanza tena kupiga.